SILAHA NI AMANA, NA NYUMBA NI SITARA



Baada ya darsa ya usiku wa Alkhamisi, kijana mmoja katika wanafunzi wetu aliuliza swali lililozua maneno mengi hata kahawa ikapoa vikombeni. Alisema: "Sheikh wangu, mtu aliye na leseni ya bunduki, na sheria imemwamuru aifungie katika sanduku la chuma, je, polisi wana haki ya kuingia nyumbani mwake kutazama kwamba ameifunga kweli?" Mzee mmoja akamjibu kwa haraka: "Mwanangu, hilo ni swali la matajiri. Sisi hapa hatuna bunduki, tuna bakora." Watu wakacheka. Lakini mzee wa pili, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema: "Bunduki hatuna, lakini milango tunayo." Hapo kicheko kikakatika.

Kwa neno la mzee huyu ndipo tulipoona yafaa swali hili tuliandikie. Nalo lina ncha mbili, na mwenye kushika moja akaiacha ya pili hatafika. Ncha ya kwanza ni silaha: je, mwenye kuimiliki ana uhuru wa kuiweka apendavyo? Ncha ya pili ni nyumba: je, serikali ina uhuru wa kuingia ipendavyo? Jawabu letu kwa yote mawili ni la. Lakini kusema la mara mbili ni jambo jepesi. Kazi ni kuonyesha mpaka uko wapi.

Tuanze na silaha. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza mtu kumpa mwenziwe upanga uliochomolewa alani, na aliamuru kwamba mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwa vyembe vyake, asije akamdhuru Mwislamu. Zingatieni, ndugu zangu. Mwenye mishale hakutuhumiwa kwa nia mbaya. Labda alikuwa mwindaji arudiye kwake, au askari aendaye kusali. Aliamrishwa vile kwa sababu chuma hakijui nia ya mwenyewe. Chembe humchoma mtoto wa jirani hata kama mwenye mshale ni mcha Mungu. Basi ikiwa mshale wa mkononi, mchana, mbele ya macho ya watu, umewekewa sharti, itakuwaje bastola iliyojazwa risasi na kuachwa chini ya mto?

Yaliyotokea Marekani yatosha kuwa mazingatio. Mwezi wa Disemba 2012, katika mji wa Newtown, jimbo la Connecticut, kijana wa miaka 20 alimwua mama yake, kisha akaingia katika shule ya watoto wadogo akawaua watoto 20 na watu wazima 6. Silaha zile hakuzinunua yeye; zilikuwa za mama yake, naye alizipata kwa njia ya halali. Tena tarehe 30 Novemba 2021, katika mji wa Oxford, jimbo la Michigan, mwanafunzi wa miaka 15 aliwaua wenziwe wanne kwa bastola ambayo baba yake aliinunua siku nne tu kabla ya hapo. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja kwa kesi yake, walipatikana na hatia ya kuua bila ya kukusudia, na kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 mpaka 15. Wazazi wale hawakufyatua risasi hata moja. Walishitakiwa kwa kuwa mlinzi aliacha ulinzi.

Na sheria za namna hii si za bure. Taasisi ya RAND ya huko Marekani, iliyokusanya na kupima utafiti mwingi, imeona kwamba sheria za kuwazuia watoto wasifikie silaha majumbani hupunguza idadi ya vijana wanaojiua na wanaopigwa risasi kwa bahati mbaya. Kwa hiyo mwenye kusema, "Bunduki ni yangu, nyumba ni yangu, sina wa kuniamrisha," huyo hakufahamu maana ya kumiliki. Mali ni yake, lakini madhara yake si yake peke yake. Risasi haisimami ukutani kwa kuwa ukuta ni mpaka wa kiwanja.

Ama ncha ya pili, nayo ni nyumba, hapa pia dini haikutuacha gizani. Sura ya An-Nur, katika aya ya 27 na ya 28, imetukataza tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tutake ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi. Sunna imeeleza kwamba ruhusa hutakwa mara tatu, na asiyejibiwa huondoka. Sisi watu wa pwani tumeyarithi mafunzo haya katika neno moja fupi, nalo ni "Hodi." Hata mtoto wa miaka minne ajua kwamba asiyeitikiwa "Karibu" hana njia. Wala hodi haikuwekwa kwa ajili ya kuwaficha wezi. Iliwekwa kwa sababu ndani mna mama aliyevua mtandio, mna mgonjwa, mna maskini anayekula ugali mkavu asiyependa jirani amwone. Hiyo ndiyo sitara.

Husimuliwa kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar (R.A.), kwamba usiku mmoja akizunguka Madina alisikia sauti za ulevi katika nyumba, akapanda ukuta akamkuta mwenye nyumba katika maasi. Alipomkemea, yule mtu alimjibu kwamba ikiwa yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, Khalifa amemwasi kwa matatu: amepeleleza, na upelelezi umekatazwa, ameingia kwa ukuta, nasi tumeamrishwa tuingie kwa milango, na ameingia bila ya ruhusa wala salamu. Umar hakumpiga wala hakumfunga. Alimsamehe, akaondoka. Fikirini ukubwa wa jambo hili: mwenye dola yote mkononi alishindwa kwa hoja na mtu aliyekamatwa na kosa, kwa sababu njia ya kulijua kosa lile ilikuwa na makosa zaidi.

Lakini wanachuoni hawakuishia hapo. Imamu al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipoandika hukumu za utawala alipambanua mambo mawili. Maasi yaliyofichwa ndani, mtawala hana ruhusa ya kuyachungulia. Ama akiletewa habari na mtu mwaminifu kwamba ndani ya nyumba fulani kuna mtu anataka kuuawa, hapo aweza kuingia, kwani roho ikitoka hairudi. Basi kuna mambo mawili yanayofungua mlango: hatari isiyorekebika, na habari iliyo thabiti juu ya nyumba ile khasa. Dhana peke yake haifungui. Wala haifungui kauli kwamba watu wa mtaa ule, au wa kabila lile, au wenye vitu vya namna ile, wana desturi ya kukosea.

Sasa tutazame ncha hizi mbili zilipokutana. Mwanzo wa mwaka 2013, huzuni ya Newtown ikiwa mbichi, katika bunge la jimbo la Washington, upande wa magharibi ya Marekani, uliletwa mswada wa kupiga marufuku uuzaji wa bunduki za namna ya vita. Waliokuwa nazo tayari wangeruhusiwa kubaki nazo kwa sharti wazihifadhi salama. Mpaka hapo, ni sawa. Lakini ndani yake mlikuwa na kifungu kwamba mkuu wa polisi wa wilaya aweza kwenda kukagua nyumbani kwa mwenye bunduki, si zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kifungu hakikutaja hati ya mahakama wala shaka yoyote juu ya mtu. Gazeti moja la mji wa Seattle lilipokitoa wazi, wenye mswada wenyewe walikiri kwamba kilikuwa kosa; na mswada haukupita.

Je, watoto wa jimbo lile waliachwa bila ya kinga? La. Mwezi wa Novemba 2018 wananchi wa jimbo lilo hilo walipiga kura wakapitisha sheria nyingine. Sheria hii haikumwagiza mtu aiweke bunduki yake pahala gani au kwa namna gani. Ilisema kwamba mwenye kuiacha pahala ambapo ajua, au yampasa kujua, kwamba mtu asiyeruhusiwa aweza kuipata, na mtu huyo akaipata akaitumia vibaya, basi mwenyewe ana kosa la jinai. Na mwenye kuitia katika sanduku lenye kufuli, au kuifunga kwa kufuli ya kuzuia kufyatuka, huyo ametimiza wajibu. Tofauti ni kubwa. Sheria ya kwanza ilimtuma askari chumbani. Ya pili iliituma dhamiri ya mwenye nyumba, ikamsimamishia adhabu nyuma yake.

Hapa pana maneno mawili ya lugha yetu yatusaidiayo, nayo ni ukaguzi na upekuzi. Watu huyachanganya, na hayafanani. Ukaguzi ni wa kitu kinachojulikana, kwa miadi, mwenyewe akiwapo na akiridhia: "Tuonyeshe sanduku lako." Upekuzi ni wa kisichojulikana: magodoro hugeuzwa, kabati hufunguliwa, barua husomwa, na mwenye nyumba husimama pembeni kama mgeni. Mtu aliyekwenda kwa hiari yake kuomba leseni ya silaha amejitia katika sharti. Si dhulma kuambiwa kwamba kabla ya kupewa, na kila wakati wa kuitengeneza upya, atatembelewa kwa taarifa aonyeshe sanduku. Lakini kuomba leseni ya bunduki si kutoa ufunguo wa nyumba.

Nchi nyingine zimejaribu kuuchora mpaka huu. Sheria ya Silaha ya Kanada ya mwaka 1995 yaruhusu wakaguzi kutazama pahala penye silaha zaidi ya 10, au penye mkusanyo wa silaha, au silaha zilizopigwa marufuku. Lakini ikiwa pahala hapo ni nyumba ya kukaa watu, mkaguzi hana budi kutoa taarifa ya kutosha na kupata ridhaa ya mkaazi, au aende na hati ya mahakama. Uingereza walizipiga marufuku bastola karibu zote mwaka 1997, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni mjini Dunblane, Scotland, mwaka 1996. Huko polisi hutazama pahala pa kuhifadhia bunduki kabla ya kutoa cheti. Na serikali ilipotoa mwongozo mwaka 2014 juu ya ziara za ghafula kwa wenye vyeti, ilieleza wazi kwamba mwongozo ule haukuwapa polisi uwezo mpya wa kuingia kwa nguvu. Kwa maneno yetu, wapige hodi.

Huenda mtu akasema: "Polisi wakiwa na nia njema, kuna ubaya gani?" Nasi twamjibu kwa kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu kabisa ya Marekani mwezi wa Mei 2021. Katika mji wa Cranston, jimbo la Rhode Island, mume aligombana na mkewe, akatoa bastola akaiweka mezani akamwambia ampige risasi amwondoe taabuni. Mke akaondoka akalala hoteli, na asubuhi, kwa kumhofia mumewe, akaomba polisi wakamtazame. Polisi wakamshauri mume aende hospitali kupimwa, akakubali. Alipokwisha kuondoka, wakaingia nyumbani bila ya hati ya mahakama wakachukua bastola zake. Walijitetea kwamba walifanya hayo kwa kuwatunza watu, si kwa kutafuta jinai. Majaji wote tisa, ambao katika mambo mengi hawakubaliani, hapo walikubaliana kwamba utunzaji peke yake haumpi askari ruhusa ya kuingia nyumba ya mtu. Hawakusema kwamba bastola zile hazikuwa na hatari, wala hawakumzuia askari kuingia anapomsikia mtu akiomba msaada ndani. Walisema kwamba nia njema si ufunguo. Ilipokuwapo nafasi ya kwenda kwa hakimu, ilipasa waende.

Atasema mwingine: "Asiye na kosa haogopi upekuzi." Neno hili twalisikia kila siku, na ni neno dhaifu. Mtu hufunga mlango wa bafu, lakini si kwa kuwa aiba maji. Heshima ya nyumba haikupewa wakosaji tu, imepewa binadamu.

Na atasema wa tatu, na huyu hoja yake ni nzito: "Sheria inayongoja mpaka mtoto afe ndipo imshike baba, yafaa nini? Adhabu haifufui." Ndugu zangu, hatutaki kuikwepa hoja hii. Ni kweli adhabu haifufui, na hakuna mpango wa kibinadamu usio na pengo. Ila tupime. Mwaka una saa 8,760. Mkaguzi aendaye mara moja kwa mwaka aona saa moja, na sanduku lililofungwa asubuhi ya ziara laweza kuachwa wazi jioni yake. Zile saa nyingine zote ziko mikononi mwa mwenye nyumba na Mola wake. Hofu ya adhabu, na mafundisho, na masharti ya leseni, hivyo hukaa naye usiku na mchana; askari hawezi. Na pakiwa na habari ya kweli kwamba katika nyumba fulani kuna bunduki wazi na kijana aliyevurugika akili, basi hapo ndipo pahala pa hakimu kuandika hati upesi, na hapo sisi wenyewe hatuna ruhusa ya kunyamaza. Jirani ajuaye akanyamaza ana sehemu yake katika damu ile.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya Silaha ya Kenya yamtaka mwenye silaha aihifadhi salama wakati wote. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki kwamba yeye, nyumba yake na mali yake visipekuliwe ovyo. Maandishi yote mawili ni mema, na sisi wa pwani tumeona kwa macho yetu yanapovunjwa yote mawili. Mwezi wa Agosti 1997, huko Likoni, wavamizi walishambulia kituo cha polisi, wakaua askari na kuchukua bunduki za serikali, kisha zikafuata siku za mauaji na kuchomewa watu nyumba na maduka. Baada yake ukaja msako, na malalamiko ya watu waliopigwa na kuteswa yakaandikwa na mashirika ya haki za binadamu. Tena mwezi wa Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, na nyumba nyingi za Eastleigh, Nairobi, zikaingiwa, mchana na usiku. Katika Likoni mna mafunzo mawili. La kwanza, sharti la kuhifadhi silaha lamhusu mwenye nguvu kabla ya mnyonge: ghala la serikali nalo lina haja ya kufuli. La pili, kosa la wachache likijibiwa kwa kuvunjiwa heshima wengi, watu huacha kuleta habari kituoni, na serikali hupoteza macho yake yenyewe. Tena tusisahau kwamba mlango wa tajiri hubishwa kwa kidole, na mlango wa maskini hupigwa teke. Sheria ya upekuzi isiyo na hakimu, hata ikiandikwa kwa ajili ya wenye bunduki, mwisho wake itafika kwa wenye bakora.

Basi haya ndiyo tuyaonayo kuwa wajibu. Mwenye silaha aitoe risasi, aiweke silaha ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, risasi aziweke mbali, na ufunguo uwe kwake, si juu ya kabati ambapo kila mtoto ajua. Akipatwa na ghadhabu ya muda mrefu, au msiba, au maradhi ya nafsi, yeye au aliye chini ya paa lake, aitoe silaha nyumbani airudishe kwa wenye mamlaka mpaka moyo utulie. Na serikali ipige hodi: itoe taarifa, iombe ridhaa, ikikataliwa na ina sababu, iende kwa hakimu iandike sababu hiyo, iingie mchana ila kwa dharura ya roho, iwe na askari wa kike panapo wanawake, na kila kichukuliwacho kiandikwe, na nakala aachiwe mwenye nyumba.

Na wewe usiye na bunduki, usidhani umesalimika na amri ya kuhifadhi. Dawa ya panya, mafuta ya taa katika chupa ya soda, vidonge vya sukari vya bibi, vyote hivi ni mishale isiyoshikwa kwa vyembe vyake. Usiku wa leo, kabla hujalala, zunguka nyumbani mwako ukague mwenyewe. Nyumba ambayo mwenyewe ameikagua ndiyo ambayo mwenyewe aweza kusimama mlangoni pake, kifua mbele, akamwambia mwenye kofia na bunduki: "Piga hodi, bwana. Nipe sababu yako, nami nitakujibu."

Mzee wetu alisema kweli: milango tunayo. Haki ya kuufunga mlango imekuja pamoja na wajibu wa kuvilinda vilivyo ndani yake. Atakayetaka haki akaukimbia wajibu, atawapa wengine hoja ya kumwingilia. Na atakayetekeleza wajibu, hoja yake ya kudai haki haivunjiki.

Wallahu aalam, na kwake Yeye ndiko kwenye taufiki.